Goti la Kokugonza

Goti kurudi si kupona. Jana nilimwambia hivyo jirani aliyekuwa akishangilia mkwewe mlevi kurudi nyumbani, nanyi wajukuu zangu mkacheka, mkauliza nimeyatoa wapi maneno hayo. Methali hii ilianza hivi, na haikuanza kwa kicheko.

Huko Kagera alikuwapo mke kijana, Kokugonza, aliyekaa na mama mkwe wake, Ma Nyakato. Siku moja alitoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Mguu ukanasa kwenye mzizi, mwili ukageuka, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikahamia pembeni. Alipiga yowe. Ma Nyakato akaja mbio, akaunyoosha mguu, akaisukuma pia kwa dole gumba, ikarudi.

"Umepona," alisema. "Haya, jiko linakungoja."

Tangu hapo goti likazoea kutoka. Kwao mke husalimu wakwe kwa kupiga magoti, na mara nyingi Kokugonza alipopiga, pia ilichomoka. Ma Nyakato aliirudisha mbele ya wageni, wakaisifu mikono yake. Sifa zikamlevya mama yule. Maumivu yalikuwa ya mwenzake.

Mwishowe mumewe na Ma Nyakato walimpeleka zahanati, na daktari hakuwaficha. "Kano zinazoishika pia ya goti zimechanika. Goti lifungwe, apumzike, kisha afanye mazoezi ya kulitia paja nguvu. Likiendelea kutoka, apasuliwe, kano zitengenezwe. Na kwa sasa asipige magoti."

"Anisalimu amesimama kama mlingoti?" Ma Nyakato alifoka walipofika nyumbani. "Watu watasema nimeshindwa kumfunza. Kwani goti si linarudi?"

Kokugonza alimtazama mumewe. Mume akachukua jembe, akaenda zake. Kesho yake Kokugonza akapiga magoti kama kawaida, na goti likatoka tena.

Masika yalipofika, nyoka alimgonga Ma Nyakato mguuni. Wanaume wote walikuwa mnadani. Kokugonza hakungoja kuombwa. Alimbeba mama mkwe mgongoni, akashika njia ya zahanati. Kwenye mteremko goti likatoka, wakaanguka wote wawili.

Ma Nyakato alilirudisha. "Inuka, mwanangu."

Akainuka. Hatua chache tu, likatoka tena. Likarudishwa. Safari hii halikuweza kubeba hata mwili wake mwenyewe.

"Limerudi!" Ma Nyakato alilia. "Limerudi, mbona husimami?"

"Linarudi siku zote, Mama. Hukuliacha lipone."

Alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Watu walipofika, walimkuta amempakata mama mkwe, naye amekwisha kukata roho.

Unadhani walimwonea huruma? Thubutu! Matangani walimsengenya kwamba ameketi mguu ameunyoosha, hana adabu hata kwa marehemu. Shangazi wa mumewe akamwendea, akamwuliza mbele ya watu wote, "Mkwe, mbona hupigi magoti? Goti lako si alilirudisha marehemu?"

Kokugonza akamjibu bila kuinua sauti, "Alilirudisha, shangazi. Lakini goti kurudi si kupona."