Bakuli la Dagaa na Miguu ya Watoto

Ndugu zangu waumini, sogeeni mbele, nafasi ipo. Najua njaa inauma na harufu ya majiko imeshaingia humu msikitini, kwa hiyo sitawachelewesha. Nataka kuwapa mfano mmoja tu. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msije kesho mkaanza kunong'onezana kwamba sheikh kamsema fulani. Atakayejiona humo ndani, hilo ni baina yake na Mola wake.

Tuchukue mkulima mmoja wa korosho. Mtu wa kazi haswa. Mikorosho yake ukiipita unasimama kuitazama. Msimu wa kupuliza ukifika, kabla wenzake hawajafungua macho yeye kashajifunga kitambaa puani, mashine iko mgongoni, anapuliza salfa mti baada ya mti. Mnaijua salfa, ule unga wa njano unaozuia ubwiri, ukungu unaoharibu majani na maua ya mkorosho. Hana mkorosho anaousahau. Hata ule uliojiotea mpakani, mwembamba, unaozaa korosho za kuhesabu, nao anaupa fungu lake.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mahindi yakakauka yakiwa na kimo cha goti. Kikabaki nini shambani? Muhogo mchungu. Akina mama mnaujua kuliko mimi. Muhogo mchungu hauna ugomvi na mtu ukipewa haki yake: unamenywa, unalowekwa siku tatu nne mpaka ulainike, unaanikwa ukauke sawasawa, ndipo unatwangwa. Sumu yake inatoka. Lakini mwaka wa jua kali muhogo wenyewe unazidi kuwa na sumu, maji ya kulowekea yako mbali, na watoto wanalia leo, hawalii keshokutwa. Basi mke wa mkulima akapunguza siku. Nne zikawa mbili, mbili zikawa moja. Tumlaumu? Nani kati yetu ameweza kumwambia mtoto mwenye njaa asubiri siku nne?

Asubuhi moja binti yao mkubwa, wa miaka kumi, akashuka kitandani akaanguka. Akacheka, akadhani miguu imekufa ganzi. Akainuka, akaanguka tena. Magoti yamekakamaa, vidole vinagusa chini, visigino vinakataa kushuka. Hana homa, hana kidonda, na jana yake tu alikuwa anaruka kamba.

Nyumba ikachafuka. Shangazi akasema ni jini. Jirani akasema ni mkono wa mtu, tena akamtaja mtu mwenyewe, bibi mmoja mjane ambaye kosa lake kubwa ni kuishi miaka mingi. Mkulima akaanza kumtazama yule bibi kwa jicho baya. Wiki haijaisha, binti wa pili, wa miaka sita, akamwambia mama yake, "Mama, miguu yangu mizito. Inatetemeka nikitembea."

Fikirini, ninyi wenye watoto. Mmoja keshaanguka, wa pili anatetemeka, na wewe hujui adui anaingilia mlango gani. Mkulima yule alikonda kwa siku tatu. Akawa anakaa barazani anatazama miguu ya mtoto ikipita, anahesabu hatua.

Ndipo akafika nesi wa zahanati. Akampima binti mkubwa, akagonga magoti, akauliza wanakula nini na muhogo wanauloweka siku ngapi. Kisha akasema, "Ugonjwa huu unaitwa konzo. Unaletwa na sumu ya muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha."

Mkulima akaja juu. "Nesi, kwa heshima yako, hilo nakataa! Humu ndani sufuria ni moja. Ugali ninaokula mimi ndio wanaokula watoto, tena mimi nakata tonge kubwa kuliko wote. Ingekuwa sumu ya muhogo, mimi ningekuwa wa kwanza kutambaa. Nitazame!" Akasimama katikati ya ua, akapiga mguu chini mpaka vumbi likaruka.

Hoja nzito, sivyo? Ninyi mngemjibu nini? Mimi nilipokuwa nautunga mfano huu nilifika hapa nikakwama, nikasema huyu bwana ana haki.

Nesi hakubishana naye. Alimgeukia mke. "Dada, chakula kiko tayari? Basi pakua kama unavyopakua siku zote. Mimi usinifanyie ugeni."

Mke akamtazama mumewe, akainamisha macho, akapakua. Ugali wa baba ukaenda barazani, na pembeni yake bakuli la dagaa walioungwa kwa nyanya na kitunguu. Ugali wa mama na watoto ukabaki jikoni, na bakuli la mchuzi. Na mchuzi wenyewe, ndugu zangu, ni maji yaliyopita karibu na dagaa. Nawasikia akina mama nyuma ya pazia wanacheka. Subirini, msicheke bado.

Nesi akachuchumaa mbele ya yule binti mdogo. "Mwanangu, mara ya mwisho kula dagaa ilikuwa lini?"

"Siku ya Maulidi," mtoto akajibu.

"Na leo mbona huli?"

Mtoto akalishangaa swali. "Dagaa ni wa baba."

Hakulalamika. Hakuwa na uchungu wowote. Alisema hivyo kama ambavyo angesema jua linachomoza upande ule. Hivyo ndivyo alivyoikuta dunia.

Nesi akainuka, akaenda barazani. "Baba, umesema kweli. Sufuria ni moja na sumu mnakula wote. Lakini sumu ikishaingia mwilini ina mpinzani. Mwenyezi Mungu ametuwekea ndani yetu wafanyakazi wadogo mno, macho hayawaoni, tunawaita vimeng'enya. Mmoja wao kazi yake ni kuikamata sumu hii ya muhogo, kuifunga, na kuifukuza itoke kwenye mkojo. Ila hafungi kwa mikono mitupu. Anahitaji kamba, na kamba yake ni salfa."

Mkulima kusikia salfa, akaruka. "Salfa! Nesi, si ungesema mapema! Stoo nina mfuko mzima! Nichanganye kijiko kimoja kwenye uji wao?"

"Usithubutu!" Nesi alipiga ukelele kuku wakatawanyika. "Hiyo ni ya mikorosho, mwachie mkorosho. Salfa ya mtu inakuja ndani ya chakula, kwenye kitu kinaitwa methionini. Mwili hauwezi kujitengenezea methionini, lazima iletwe na chakula. Imo kwenye samaki, mayai, nyama, na kwa kiasi kidogo kwenye kunde. Kwenye muhogo ni kama haimo. Ukiila, vimeng'enya vinaipokea, vinaibadilisha hatua kwa hatua, kimoja kinampa mwenzake, mpaka salfa inamfikia yule anayefunga sumu. Ndani yako wewe anaipokea kila siku. Ndani ya watoto wako anaiona sumu inapita, na kamba hana. Mkeo naye yuko hatarini, ila mtoto huanguka mapema." Akanyoosha kidole kwenye lile bakuli. "Iko hapo. Yote umeikalia wewe."

Sasa chekeni, kama mnaweza. Mkulima mwenyewe alitaka kucheka, akaishia kulitazama bakuli. Mtu ambaye hajawahi kuuruka mkorosho hata mmoja, mtu anayeupa salfa hata ule mti wa mpakani usio na faida, alikuwa amewaruka wanawe wa kuzaa, chini ya paa lake, kila mchana, na bismillahi anasoma.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Mkubwa atapona?"

"Sitakudanganya, baba. Miguu yake haitarudi kama zamani. Tutamfundisha mazoezi, atatembea kwa fimbo, atasoma, ataolewa akipenda. Lakini huyu mdogo hajaanguka. Huyu bado unaweza kumwokoa, na kazi inaanza leo."

Yule bwana akalia. Mwanamume mzima, mbele ya mkewe na nesi, machozi yanadondoka kwenye ndevu. Kisha akafanya jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Akalichukua lile bakuli kwa mikono miwili, akavuka nalo ua, akainama mlangoni, akaingia jikoni.

Mkewe akashtuka. "Baba watoto, watu watasema nini?"

"Wataongea mpaka wachoke. Sogea nikae."

Akaketi chini kwenye mkeka, akawagawia dagaa mmoja mmoja, kuanzia yule anayetetemeka. Mdogo akamshika mmoja kwa vidole viwili, akamtazama baba yake usoni kuhakikisha si mzaha. "Kula, mama," baba akamwambia. "Ni wako."

Na haikuishia siku moja, maana kutoa siku moja ni rahisi, hata mimi naweza. Alichukua baiskeli na madumu akawa anafuata maji mwenyewe, ili muhogo ulowekwe siku zake zote nne. Vijana wa kijiweni wakapiga miluzi, "Kaolewa huyo!" Akapita. Nesi akamfundisha mkewe kwamba unga ukiwa na mashaka auloweshe kwa maji, autandaze mwembamba kwenye jamvi juani kwa saa mbili, sumu iliyobaki ipae na upepo, ndipo asonge ugali siku hiyohiyo. Dagaa wakawa wanatwangwa, wanachanganywa kwenye mboga ya wote, asiwepo wa kuwachagua. Na siku moja mkulima alibeba bakuli akagonga mlango wa yule bibi mjane. Alimkuta anakula ugali wa muhogo kwa chumvi. Akampigia goti, akamwomba radhi kwa yale aliyomdhania. Bibi akamwambia, "Radhi nimekupa, mwanangu, hebu weka bakuli chini kwanza, mkono utakuchoka."

Mwezi wa kwanza mtoto bado anatetemeka. Baba anahesabu hatua. Mwezi wa pili mtetemeko ukapungua, akaenda kisimani akarudi. Jua likazidi kuwaka, njaa ikazidi kuuma, kutoka vijiji vya jirani zikawa zinaletwa habari mbaya za watoto walioanguka. Katika nyumba ile hakuanguka mwingine. Wale wa kijiweni waliopiga miluzi wakaanza kupita jioni mmoja mmoja, kwa aibu, "Eti bwana, ule unga mnautandaza kwa saa ngapi?" Nyumba ya pili ikafuata, ya kumi ikafuata. Mvua iliporudi, kijiji kizima kilikuwa kimevuka ukame, na tangu siku ile ya bakuli kuvuka ua, hapakuwa na mtoto mwingine aliyelemaa.

Siku ya Idi watoto wakashindana kukimbia uwanjani. Binti wa miaka sita akapiga mbio, gauni limeshikwa mkononi, visigino vinapiga ardhi. Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa nne. Na baba yake akashangilia mpaka watu wakamgeukia wakidhani kachanganyikiwa, anarukaruka, anapiga takbiri, anamkumbatia hata asiyemjua. Dada mtu alikuwa amesimama pembeni kwa fimbo zake mbili. Baba akamwendea, furaha ikamtoka usoni. Yule binti akamwambia, "Baba, usinihurumie leo. Yule anayekimbia pale, tumemwokoa na mimi nikiwemo. Kama nisingeanguka, nesi asingekuja." Akainua fimbo moja juu, akamshangilia mdogo wake kwa sauti iliyozidi zote.

Sasa tuje kwetu. Mnadhani nimewasema kwa ajili ya dagaa? Dagaa pia, ndiyo, na nani kakwambia huyo si wa dini? Lakini mimi lile neno la mkulima linaninyima raha. "Nitazame!" Alisimama juu ya miguu mizima, akaifanya miguu yake kuwa hoja dhidi ya mtoto aliyeanguka. Na sisi je? Kijana akishindwa na maisha tunamwambia, mbona mimi sikushindwa, dunia si hii hii moja? Mwanamke akizidiwa tunamwambia, mbona mama yangu hakuzidiwa? Anayeyumba katika ibada tunamtolea mfano wa nafsi zetu. Tunapiga mguu chini, vumbi linaruka. Hatujiulizi hata siku moja tumesimama kwa kula nini, na fungu hilo lilikuwa la nani.

Mimi ninayewasemesha, nilipofika hapo katika kutunga, niliweka kalamu chini nikamuuliza mke wangu, "Kwetu finyango kubwa la nyama hupata nani?" Akanyoosha kidole kwenye sahani yangu. Yupo nyuma ya pazia hapo, mnaweza kumuuliza. Kidole kile kilinitosha.

Lakini tusitoke hapa tumeinamisha vichwa! Tazameni rehema iliyopo. Mkulima hakuhitaji dawa kutoka ng'ambo, hakuhitaji kumtafuta mchawi. Kinga ya watoto wake ilikuwa ndani ya nyumba yake siku zote, umbali wa ua mmoja, na mtu wa kuivusha alikuwa yeye. Hivyo ushindi wetu nao uko karibu kiasi hicho. Elimu uliyoikalia, muda, neno zuri unalowapa wageni ukawanyima wa ndani: yapo mwilini mwa umma huu majeraha yanayosubiri hayo tu yapite mkono hadi mkono, yamfikie wa mwisho.

Swala tumeswali, na chakula kinatungoja majumbani. Nendeni kwa furaha, mkaketi pamoja, na leo upakuaji uanze na yule mdogo kuliko wote.