Ngozi ya Chui wa Ngaremara

Wahenga walitushauri tusitegemee ulimi peke yake. Neno zuri lisilofuatwa na tendo hutanda hewani kama vumbi la lori, kisha hutua, na barabara ikabaki vilevile. Dahabo, binti wa mzee Tache wa Isiolo, aliusoma ukweli huu katika mwaka wa njaa, mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na nne, watu walipokuwa wakila mahindi ya manjano ya msaada.

Dahabo alikuwa mjane na mwalimu wa ngumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, mtaani Chechelesi. Mwaka mmoja kabla ya njaa hiyo alikuwa akirudi kutoka Merti kwa lori la mizigo. Njiani waliwakuta pundamilia waliochunwa ngozi na kuachwa wekundu juani. Mtoto wa mmoja wao alikuwa bado amesimama hapo, akimsukuma mamaye kwa pua ili ainuke. Abiria walishuka wakatazama, wakapanda tena. Tangu siku hiyo Dahabo alijifunga kibwebwe. Kila siku ya soko alisimama kando ya wauza mifugo na kuwasihi watu wasiue chui wala pundamilia kwa ajili ya ngozi. Serikali ilikuwa imekwisha kupiga marufuku biashara hiyo, lakini ngozi ziliendelea kusafirishwa chini ya magunia, kwenda kupamba mabega ya watu wa mbali.

Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaenda zao. Siku moja huko Ngaremara, kijiji kilicho nje ya mji, mama mmoja Mturkana aitwaye Nakuam, ambaye ndiye aliyemchungia Dahabo mbuzi wake, alimwambia waziwazi:

"Mwalimu, unaongea vizuri. Lakini mtu aliyeliwa mbuzi na chui hali maneno. Isacko anampa mbuzi wengine."

Isacko alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi mchana kweupe, na ngozi za chui kwa kificho. Aliyemletea ngozi ya chui mmoja aliondoka na mbuzi wa kuanzia zizi jipya.

Ukame ulipozidi, swala walihama na chui wakasogea karibu na watu. Asubuhi moja Nakuam alimtumia Dahabo habari kwamba aje upesi. Alipofika Ngaremara alikuta ua wa miiba umerukwa, na mbuzi wake wamelala huku na huku, shingo zimetobolewa. Walionusurika walikuwa wachache, wakitetemeka kwenye kona. Dahabo alichuchumaa akamgusa mbuzi mweusi ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakimlisha binti yake, Raho. Mzoga ulikuwa umekwisha kupoa.

Kabla ya adhuhuri Isacko naye alifika, na chupa mkononi.

"Salaam aleikum, shemeji. Pole sana."

"Aleikum salaam. Hiyo chupa ni ya nini?"

"Dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe. Mpake huyu mweusi. Chui atarudi kula, na hataondoka. Ngozi nitachukua mimi, na wewe nitakurudishia mbuzi wako wote."

Majirani walikuwa wamekusanyika, wakimtazama Dahabo. Kila mmoja alikuwa amewahi kuyasikia mahubiri yake sokoni.

"Na fisi atakayekula? Na mbwa wa Mama Nakuam?" aliuliza Dahabo.

"Mbwa atafungwa. Shemeji, Raho ni damu ya ndugu yangu. Atakunywa chai ya rangi mpaka lini?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu Isacko hakuwa akidanganya. Alimpenda mtoto yule. Dahabo alimtazama yule mbuzi mweusi. Angeweza kukubali, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini wote pale wangeondoka wakijua kwamba katazo lake lilikuwa la wenzake tu, si lake mwenyewe. Alipiga moyo konde.

"Rudi na chupa yako, shemeji. Ngozi ya chui huyu haitauzwa kwa mkono wangu."

"Utakufa njaa na maneno yako," alisema Isacko, naye akaondoka akitikisa kichwa.

Dahabo aliazima jembe, akachimba shimo na kuifukia mizoga yote, asije mtu akaipaka sumu. Kisha alichukua panga akaelekea kwenye migunga. Alikata matawi ya miiba na kuyaburuta mpaka viganja vikavuja damu. Nakuam alimtazama kutoka mlangoni kwake.

"Ua tayari upo, mwalimu. Aliuruka."

"Ndiyo maana huu utakuwa na paa, mama."

Siku ya pili Nakuam alitoka na panga lake. Wanawake hao wawili walijenga zizi dogo lenye ua mnene, na juu wakalaza nguzo, wakazifunika kwa miiba kama kofia. Wapita njia walicheka na kuuliza kama mbuzi wale walikuwa wafungwa.

Chui alirudi. Asubuhi nyayo zake zilionekana mchangani, zimezunguka zizi tena na tena, na manyoya yake yamenaswa kwenye miiba ya paa. Ndani, mbuzi walikuwa wakicheua. Alijaribu tena siku zilizofuata, kisha nyayo zake zikaelekea mtoni na hazikuonekana tena hapo.

Raho aliendelea kunywa chai ya rangi mpaka mvua ziliponyesha. Kuna usiku alilia akiomba maziwa, na mama yake alilia pamoja naye. Hata hivyo habari za zizi zilienea, na watu wakaja kulitazama, wakitikisa nguzo zake kwa mikono.

Siku moja ya soko Dahabo alikuta watu wamejaa wakimngoja. Mbele yao alisimama Chachu, mchungaji aliyejulikana kwa kumpelekea Isacko ngozi.

"Mwalimu, tuhutubie," alisema Chachu. "Leo tumekuja kusikia."

"Leo sina hotuba," alijibu Dahabo. "Zizi lako liko wapi?"

"Ngaremara, ng'ambo ya korongo."

"Basi twende. Mwenye panga alichukue."

Wengi walimfuata. Jua lilipotua zizi la Chachu lilikuwa na paa, na wiki iliyofuata walihamia kwa jirani yake. Isacko aliendelea na ngozi zake za ng'ombe na mbuzi. Zile za chui alizingoja kutoka Ngaremara, hazikuja, kwani asiyeliwa mbuzi hakuwinda chui. Alichoshindwa Dahabo kwa mwaka mzima wa kusihi, miiba na mikono yenye malengelenge ilikikamilisha kabla ya mvua. Hakika, maneno matupu hayavunji mfupa.