Kwa Nini Fundichuma Hujenga Nyumba Kubwa Yenye Mlango Mdogo

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna amalize kwanza. Zamani hizo, kabla nyumba ya fundichuma haijawa kubwa kuliko mwenyewe, wanyama wa bwawa walimchagua mkuu wao kwa kupanga foleni. Aliyemtaka Kiboko alisimama nyuma ya Kiboko, mchana kweupe, na Kiboko aligeuza shingo yake nene akawatazama mmoja mmoja. Kiangazi kilipofika, wasiokuwa kwenye foleni yake walikunywa tope. Kwa hiyo kila mwaka foleni ya Kiboko ilirefuka, naye maskini akaamini kwamba anapendwa.

Mwaka ambao watoto wa swala walikufa kwa kiu, watu wa bwawa walichoka. Wakamwendea Fundichuma, ndege wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kama nyundo, wakamwomba ajenge nyumba ya kuchagulia kwa siri, kila mmoja aingie atie kokoto lake. Walimtaka yeye kwa sababu alijua kujenga, na kwa sababu hakuwahi kumnyenyekea mtu. Alikubali kwa masharti: asiamriwe na yeyote, awe Kiboko au mpinzani wake, na yeye mwenyewe asichague. Kokoto lake angelishika kwenye ukucha mpaka kazi iishe, kila mtu alione.

Alijenga kando ya bwawa, akakandika matope, akaacha mlango mdogo wa kupita mmoja tu. Ndani kulikuwa na mashimo mawili, la Kiboko na la mpinzani. Kiboko alinung'unika kwamba mlango ule haumtoshi. Akaambiwa aingize pua.

Alipomaliza kujenga ndipo aliposikia mpinzani ni nani. Ni Korongo, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea kwa vyura wa kutafuniwa tangu hajaota manyoya. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukaingia baridi. Kuliko kitu chochote duniani alimpenda kijana yule mwenye miguu mirefu, na alijua angekuwa mkuu mwema. Korongo akaja kumsihi atoboe tundu dogo tu nyuma ya nyumba, apate kuchungulia. Fundichuma alimlisha samaki, akampangusa mdomo kama alivyozoea kufanya zamani, na tundu hakutoboa.

Siku ya siku ikafika. Waliingia mmoja mmoja, panya akapata zamu sawa na tembo aliyeingiza mkonga tu, na hakuna aliyejua mwenzake ametia kokoto shimo gani. Jua lilipoanza kushuka, Fundichuma aliyatoa makokoto mbele ya wote, moja la shimo hili na moja la shimo lile, akiyapanga mawili mawili juu ya jabali. Yaliendana hivyo hivyo mpaka shimo la Korongo likawa tupu. Katika shimo la Kiboko lilibaki kokoto moja.

Macho yote yalikuwa kwenye ukucha wa Fundichuma.

"Mama mdogo," Korongo alisema, "hilo moja tu. Tutakuwa sawa, tutarudia."

Fundichuma alitamani kulia. "Mwanangu, wewe ndiwe roho yangu, na kila mtu hapa analijua hilo. Nikilitia hili, mwakani nani ataingia humu bila wasiwasi?"

Akalitupa majini, akatangaza kwamba Kiboko ameshinda. Korongo aliruka akaenda zake bila kuaga, na mama yake mdogo akakosa hamu ya kula.

Kiboko naye alibaki akiyatazama yale makokoto juu ya jabali. Karibu nusu ya bwawa haikumtaka, na hakuwa na njia ya kujua ni nani. Alimshuku swala, akamshuku panya, akamshuku hata mkewe. Sasa amnyime nani maji? Akaona heri awape wote, asije akamnyima aliyemchagua. Ndiyo maana jua likizama kiboko hutoka majini akaenda kula nyasi mbali, wenzake wanywe kwa nafasi.

Mvua zilipokuja zilibomoa upande mmoja wa nyumba. Fundichuma alikuwa akiukandika peke yake aliposikia mbawa. Korongo alitua, mdomoni ana kijiti. Fundichuma alimwonyesha tu mahali pa kukichomeka, na furaha aliyokuwa nayo siwezi kuwasimulia nikaimaliza.

Na tangu siku hiyo fundichuma hujenga nyumba kubwa yenye mlango mdogo, na haachi kujenga hata asipokuwa na mayai. Ukichungulia ndani utakuta unyoya wa huyu, mfupa wa yule, gamba la nyoka, maana kila mmoja huleta chake. Wachungaji hawairushii jiwe, kwa kuwa ni nyumba ya wote. Korongo aligombea tena mwaka uliofuata, akashindwa vibaya zaidi, na jioni ile ile akaja kula kwa mama yake mdogo.