Chungu Kilichokataa Kuivisha Wali wa Amiri

Siku ya Alhamisi, tarehe tisa Rajabu, mwaka wa kumi na nane wa enzi yake, Sultani Shaibu bin Nasibu bin Mwinyikondo, mtawala wa mji wa Zumari ulioko katika milima ya ukungu, alipatwa na msiba uliomkausha mate kinywani. Kwani mchana kweupe mbwa weupe wenye masikio mekundu walitoka ziwani, wakamnyakua mwanawe mdogo Hamduni, wakazama naye, na maji yakatulia kana kwamba hayakupata kuguswa.

Watu wangali wameduwaa, likaibuka jini lenye kichwa mfano wa kuba, likaweka ufukoni chungu cheusi, na likanena kuwa chungu kile hakiivishi chakula cha mwoga. Ambaye wali wake utaiva humo ndiye ashuke kumtwaa mtoto kabla ya magharibi, na akishuka mwingine, wote wawili hawataonekana tena.

Amiri jeshi Matari akatangulia kupika. Kuni zikateketea zikawa majivu, na maji yakabaki baridi kama ya kisimani. Amiri akachota, akatafuna, na mlio wa meno yake ukasikika hadi barazani; kisha akasema wali umeiva barabara, ila chumvi imezidi kidogo. Mawaziri nao wakaonja wakausifu, maana katika jumba lile kukitia ila chakula cha mkubwa kulikuwa utovu wa adabu. Sultani, kwa uchungu wa mwana, akataka kusadiki, akamwamuru Amiri ashuke.

Hapo Siwatu, dada yake Hamduni, binti wa miaka tisa, akaonja punje chache, akazitema.

“Baba, huu ni mchele.”

Amiri akacheka. “Binti Maulana, una meno ya maziwa wewe. Wali wa wanaume hutafunwa.”

“Basi shuka, Ammi Matari. Lakini ukishuka na mchele huo mdomoni, mdogo wangu harudi.”

Amiri akainamisha kichwa, akautema mchele kiganjani. Siwatu akatia konzi yake ya mchele chunguni, na kabla moto haujachochewa, mvuke ukafuka. Sultani akamshika mkono, akalia kwamba hawezi kupoteza wawili kwa siku moja.

“Niache niende, baba,” akasema Siwatu, “kabla sijabadili nia.”

Akashuka. Mbwa wakamzingira wakimnusa miguu, naye akapita katikati yao, akambeba Hamduni mgongoni, na jua lilipogusa milima wakatokeza juu ya maji, hai wote wawili. Baadaye Siwatu aliolewa na mwana wa mfalme jirani, akaishi katika neema, na heshima ikawa ya msema kweli.

Wako wasimuliao kwamba binti yule hakuwa na hofu. Wamekosea. Alitetemeka hata bangili zake zikalia njia nzima, kwenda na kurudi.