Pete za Mfupa

Kwaru, kwaru, kwaru, kisha ta. Mlangoni mwa maabara ya chuo, mzee seremala alisimama akiegemea magongo yake, akisikiliza. Sauti ya msasa aliijua kama sauti ya mkewe. Hiyo "ta" aliijua pia: kazi imeharibika.

"Cha tatu hicho," alisema binti yake, fundi wa maabara, akitupa kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichopasuka. Wanafunzi wa kesho walihitaji kipande chembamba, mwanga upenye.

"Unakandamiza kama unaua nyoka. Lete hapa."

Binti alikuja naye kazini asimwache nyumbani na mawazo. Daktari alikwisha kusema mfupa wa paja uliovunjika umeunga, aanze kuukanyagia mguu, la sivyo mguu utadhoofika na magongo yatakuwa yake ya kudumu. Mzee aligoma. Mwezi wa pili sasa, mguu ulining'inia kama wa kuazima.

Mzee akaketi, akalaza msasa juu ya kioo, akadondoshea maji, akasugua kipande kingine cha mfupa kwa ncha ya kidole. Saa nzima ikapita.

"Kitu kigumu hakiamrishwi, mama. Hubembelezwa."

Mfupa ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu. Binti akauweka chini ya hadubini. Mzee akachungulia.

"Umeniwekea gogo. Hizi si pete za mti?"

"Ni mfupa uleule, Baba. Tundu la katikati ni njia ya damu. Vidoa kati ya pete ni vijumba vya seli. Mfupa hujengwa hivyo, pete juu ya pete."

"Na wangu?"

"Wako uko hai, seli zimo kazini. Ila zinangoja uzito wako zijue pa kuongeza mfupa. Wa ng'ombe umeubembeleza saa nzima, wako umeususia."

Mzee akacheka. "Umenigonga kwa nyundo yangu mwenyewe." Kisha sauti ikashuka. "Naogopa, mwanangu. Niliusikia ulivyovunjika."

"Najua. Sikuombi utembee. Hatua moja tu."

Mzee akashika bega la bintiye, akaushusha mguu taratibu. Jasho likamtoka. Mguu ukatetemeka, ukambeba.

"Kesho mbili," alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Keshokutwa tatu. Nakuahidi, mama, magongo haya nitayapasua kuni kwa mkono wangu, nikiwa nimesimama. Bandu bandu huisha gogo."