Faili la Wote Nyumbani kwa Mmoja

Wahenga hawakuzijua kompyuta, lakini waliposema mkataa pema pabaya panamwita, ni kama walikuwa wanamwona Hsieh Ting-kai, fundi wa seva katika kituo cha kuhifadhi sauti za wazee huko Miaoli.

Ting-kai alitunga faili moja la maagizo, ambalo kila programu ndogo ya kituo ililisoma kabla ya kuanza kazi, ikiwamo ile iliyonakili sauti kila siku zisipotee. Faili la wote lina mahali pake, folda ya pamoja iitwayo /usr/local/lib, pasipo na jina la mtu. Yeye aliliweka /home/tingkai, kwenye folda yake mwenyewe, apate kulichokonoa bila kuomba ruhusa.

"Kaka, lihamishe bwana," mwenzake, Pai Yu-hsuan, alimsihi. "Siku ukiacha kazi folda yako inafutwa. Ndiyo sheria."

"We dada nawe! Kwani mimi naenda wapi? Hebu angalia ile pakiti isije ikapitwa na tarehe."

Pakiti hiyo ya kijani ya vitafunio ilikaa juu ya seva ili mashine iwe na adabu, maana mafundi wa huko huamini kwamba ikichakaa mashine hukorofisha. Ting-kai hakuwahi kuchelewa kuibadilisha. Kulihamisha faili kungemchukua dakika kumi, naye kila siku alisema kesho, kwa miaka sita.

Mwezi wa tatu akapata kazi Taipei, akaaga kwa keki za nanasi. Folda ikafutwa. Programu ya kunakili ikalitafuta faili, isilione, ikaacha kunakili na kupeleka malalamiko kwenye barua pepe ya Ting-kai, ambayo nayo ilikwisha fungwa. Yu-hsuan, aliyeachiwa kazi ya watu wawili, hakujua. Mwezi wa nne alimrekodi mama yake Ting-kai akiimba nyimbo za kuchuma chai. Mwezi wa nane diski ya seva yenye sauti zote ikafa, na wiki iliyofuata yule mama akafariki.

Ting-kai alikuja na kitambaa cha msiba begani.

"Dada, nipe wimbo wa mama. Nataka usikike kesho kwenye mazishi."

Yu-hsuan aliinamisha uso. "Haupo, kaka. Nakala ya mwisho ni ya siku uliyoondoka."

Ting-kai aliitazama seva. Pakiti ya kijani ilikuwa mpya kabisa. Yu-hsuan alikuwa ameendelea kuibadilisha kama Ting-kai alivyomfundisha. "Dakika kumi," Ting-kai alisema, akalia mbele ya mwenzake bila haya.

Sauti ya mama haikurudi. Mkataa pema, pabaya panamwita.