Mto Uliosimama Kwenye Skrini

Nitegulieni mtanziko huu, maana mimi umenishinda.

Ofisi ya maji ya bonde la Kinyeto ilikuwa na wafanyakazi watatu wa mkataba. Sikudhani alikuwa na jicho. Tarakimu ikienda mrama, yeye huiona. Mbwiga hakujua kizunguzungu. Minara aliipanda kama wengine wapandavyo kitanda. Tuntufye alikuwa mtunzaji, hatupi kitu hata akiamriwa. Mkubwa wao alikuwa Agripina, msimamizi wa mtandao, na msiba huu ulimkuta yeye.

Masika yalipokaribia, makao makuu yaliagiza mtandao uboreshwe na programu zisasishwe. Agripina akafunga vifaa vipya, akasasisha programu ya kupokea vipimo vya mto, akaamuru ile ya zamani ifutwe. Taa zote zikawaka kijani. Akashusha pumzi.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mvua kubwa ikipiga milimani, Sikudhani alimwita.

"Dada, tangu saa nne mto unasoma mita mbili nukta nne."

"Si vizuri? Umetulia."

"Mto gani unatulia hivyo? Hata kiangazi namba hucheza."

Agripina akaisogelea skrini, akakagua. Vipimo havikuwa vikifika. Programu ilikuwa ikirudia kipimo cha mwisho. Na bondeni, king'ora cha mafuriko cha kijiji cha Lung'wa, kinachofuata vipimo hivyo, kilikuwa kimya.

Mbwiga hakungoja kutumwa. Aliparamia mnara uliolowa, upepo ukimyumbisha, akaielekeza upya antena iliyokuwa imelegea na kugeuka. Alishuka kiganja kikivuja damu. "Mawimbi yamerudi," alisema.

Yalirudi kweli, ila programu mpya ilikuwa imekwama, ikakataa kuyasoma hata ilipowashwa upya. Agripina akaitafuta ile ya zamani, kisha akakumbuka amri yake mwenyewe.

Tuntufye akatoa flashi mfukoni, macho chini. "Nisamehe, dada. Nilibakiza nakala."

Wakaipakia. Skrini ikaonyesha mita sita. King'ora kikalia. Maji yalipofika Lung'wa, yalikuta nyumba tupu. Watu wote walikuwa wamekimbilia kilimani.

Wiki iliyofuata mkurugenzi alimwambia Agripina, "Nina ajira moja tu ya kudumu. Wawili mikataba yao inaisha mwezi huu. Niandikie aliyeokoa kijiji."

"Kosa lilikuwa langu, mzee. Mbona mimi siguswi?"

"Wewe ulifuata maagizo. Andika jina."

Agripina aliwaeleza watatu wale. Sikudhani alisema, "Nisingeona, nani angejua?" Mbwiga akajibu, "Mngejua, halafu? Bila mawimbi mngesoma nini?" "Mimi nilivunja amri," Tuntufye alinong'ona. "Ningetii, je?"

Agripina ametimiza siku ya nne sasa bila kuandika, chakula hakipiti, na kesho mkurugenzi anataka jina.

Haya, wasikilizaji wangu: mngekuwa Agripina, mngemwandika nani, na wale wawili mngewatazamaje usoni?